Sauti ya Nyuzi Mia na Themanini

Jioni ile nilirudi kwenye chumba cha mtihani kuzima mitambo, basi, hakuna kingine. Mkuu wa chuo chetu hukagua swichi kwa bidii kuliko anavyokagua wanafunzi.

Mimi ni mtahini wa wasikilizaji wa sona. Kazi yangu ni kumketisha kijana wa jeshi la maji kwenye kibanda chenye giza, nimvishe hedifoni, nimsikilizishe sauti zilizorekodiwa chini ya bahari, naye anitajie: hiki ni nini, na kiko upande gani. Pangaboi la meli ya mizigo. Mvua juu ya maji. Uduvi, ambao hutatarika kama mafuta ya moto. Asiyejua kitu husema nyangumi. Kwa majibu niliyokwisha kuyasahihisha, nyangumi wangekuwa wengi kiasi kwamba manowari zingepanga foleni.

Popo hakuwahi kusema nyangumi. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya masikio yake, na sijapata mwanafunzi wa kumfikia. Ndiyo maana majibu yake ya siku ile yalinikera. Alitaja kila sauti sawasawa, kisha kwenye kila moja akaongeza kitu ambacho hakikuwamo.

"Kugonga. Nyuzi mia na themanini."

Yaani nyuma kabisa, mgongoni. Nikamfelisha. Baharini, anayesikia yasiyokuwepo ni hatari kuliko kiziwi.

Nikazima mtambo mkuu. Taa zikafa moja moja. Feni ikazunguka, ikachoka, ikanyamaza.

Ndipo nikasikia mtu anapumua.

Popo alikuwa bado kibandani. Hedifoni masikioni, waya wake unaning'inia. Haukuwa umechomekwa popote.

"We Popo! Unasikiliza nini, na mtambo nimeuzima?"

"Sogea kidogo, afande."

"Kama ni kubembeleza alama, umekosea mlango. Nenda nyumbani, una mtoto mchanga."

"Huyo mtoto ndiye aliyenileta." Alikuwa ananong'ona. "Nikimnyonyesha hanitazami usoni. Anatazama nyuma yangu. Zamani alikuwa anacheka... Sasa analia."

Nikaingia kibandani ili nimtoe kwa mkono. Harufu ikanipokea. Haikuwa harufu ya bahari, hiyo naijua. Ilikuwa ya maji yaliyofungiwa mahali. Kutu. Mafuta ya mashine. Na kitu kingine chini yake, ambacho pua iliona afadhali isikitambue.

"Umechoka," nikasema. "Uchovu hauna mganga."

"Kwa mganga nimekwenda. Aliniwekea sikio mgongoni, akatoka nje mbio. Nyumba ni yake, afande, lakini aliniacha mimi ndani."

Ningecheka. Nilikaribia kabisa kucheka.

"Kwanza kilikuwa mbali," akaendelea. "Kila siku sauti inakua. Mwelekeo haubadiliki."

"Geuka, basi."

"Nikigeuka, nacho kinabaki nyuma."

Hata mwanafunzi wa juzi anajua: sauti ikikua na mwelekeo usibadilike, hicho kitu hakipiti njia. Kinakuja kwako.

Hapa nieleze jambo moja la kazi yetu. Msikilizaji haachi kiti na sauti hewani. Zamu ikiisha, anamtajia mwenzake: nini, wapi, umbali gani. Halafu anasema, "Nakabidhi." Mwenzake anavaa hedifoni na kujibu, "Nimepokea." Neno hilo lisipotamkwa, wa kwanza hainuki, hata kibofu kipasuke. Tunalifundisha mpaka liingie kwenye damu. Nadhani hata tukiwa mahututi, mtu akitwambia "nakabidhi", tutaitika.

Popo akasimama wima. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ila sauti aliyoitoa ilikuwa ile niliyomfundisha mwenyewe.

"Kugonga kwa chuma. Nyuzi mia na themanini. Karibu, na kinakaribia. Nakabidhi."

Akaninyooshea hedifoni. Mkono wangu ukazipokea bila kuniuliza. Nikavaa. Kimya kitupu. Na mimi, msomi wa fizikia ya sauti, nisiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, nikajibu ili yaishe, mwanamke wa watu akalale.

"Nimepokea."

Ngo.

Nyuma yangu.

Popo akaanguka kitini kama mtu aliyetua gunia.

"Nisamehe, mama," akalia. "Nilitafuta mtu asiye na mtoto mdogo."

Angalau alikuwa amefikiria.

Kwa kwikwi akanieleza. Yeye alikipokea kwa mwenzake, kwenye zamu, katika meli ya mafunzo. Mwenzake alikipokea kwa mwingine. Yuko mmoja aliyeona haya kumtwika mtu, akabaki nacho. Walimkuta amekufa kitandani kwake, ghorofa ya juu kabisa, mabomba yamekauka wiki nzima. Godoro lilikuwa linavuja maji ya chumvi. Nacho kikamrudia aliyemkabidhi.

Ngo... ngo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na ndiye aliyeutunga utaratibu wa kukabidhi. Amestaafu, anaishi kwenye nyumba za chuo, na masikio yake yote mawili yamekufa, anakusoma midomo. Nikamsimulia yote; nilipofika kwenye ile harufu, akaweka kikombe chini.

"Funga mlango, mwanangu."

Nikafunga.

"Maji yaliingia chumba cha nyuma cha meli yetu," akasema. "Nahodha akaamuru mlango wa chuma ufungwe, meli isizame. Mle ndani mlikuwa na watu. Zamu ilikuwa yangu. Niliporipoti kugonga, nikaambiwa niandike ni kelele za chombo chetu wenyewe."

"Ukaandika."

"Nikaandika. Zamu ikaisha, nikakabidhi. Sijawahi kuinuka kitini kwa furaha kama siku ile."

Yule yule aliyekuwa akitugongea meza kila asubuhi: taja unachosikia, si unachopenda kusikia!

Sikumwonea huruma. Nikasimama mbele ya macho yake, aisome vizuri midomo yangu.

"Kugonga kwa chuma. Nyuzi mia na themanini. Karibu kabisa. Nakabidhi, Mwalimu. Ni chako."

Akanitazama kwa upole uliotaka kunitapisha.

"Nimepokea," akasema.

Nikasubiri.

Ngo. Ngo.

"Asiyesikia hapokei," akasema. "Unadhani wewe ndiye wa kwanza kuja hapa? Masikio haya hayakufa kwa uzee."

"Na mimi nikijitoboa?"

"Umeshapokea, mwanangu. Hakipiti masikioni tena." Akainua kikombe chake. "Darasa jipya linaanza lini?"

Nilitoka bila kuaga.

Darasa jipya lilikuwa linaanza kesho yake, na somo la kwanza ni kukabidhi zamu. Nilisimama dirishani nikawaona wakipita na mabegi yao mapya, wanasukumana, wanataniana nani ataugua bahari kabla meli haijang'oa nanga. Ningehitaji mmoja tu. Ningechagua hata mjuaji, yule wa kusema nyangumi. Lakini kila niliyemtazama alikuwa na kisogo cha mtoto wa mtu, na nyuma ya kisogo hakukuwa na kitu. Nikashindwa.

Jua lilipozama nilikuwa peke yangu kibandani, mlango nimeufunga kwa ndani. Viatu vyangu vilikuwa vimeanza kulowa. Nikaacha kuogopa kidogo, nikafanya kazi yangu. Nikasikiliza.

Mashine haichoki. Hiki kilichoka. Kiligonga, kikapumzika, kikaanza tena, safari hii kwa unyonge zaidi. Msikilizaji yeyote mwenye akili timamu angekijua. Wote walikijua! Wakapokezana kama sahani ya moto, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kukipa jina lake.

Nikawaza: labda ndicho wanachotaka. Wasikilizwe. Watajwe, basi, wapumzike.

Nikavaa hedifoni. Nikaripoti kwa sauti kwenye chumba kisicho na mtu.

"Sio kelele za chombo. Ni watu. Wako hai."

Kugonga kukakoma.

Kimya... kimya kile ambacho nilikuwa nimekisahau. Nikaweka kichwa mezani nikalia kama mtoto, nikimshukuru sijui nani.

Ngo.

Kisha mkono mwingine. Kisha mwingine. Kisha yote, kwa ngumi, kwa viganja, kwa kucha, haraka haraka, kama wafanyavyo watu waliokuwa wamekata tamaa halafu wakasikia sauti upande wa pili wa mlango. Maji baridi yakanipanda vifundoni. Na kwa mara ya kwanza, chini ya ule mshindo, nikasikia maneno.

"Afande! Afande, tuko huku! Fungua!"

Nikapeleka mikono yote miwili nyuma, nikapapasa mgongo wangu juu mpaka chini, natafuta kitasa.