Aliyesogezewa Nafasi

Hebu fikiria teksi ya Goma, gari kuukuu lenye ufa kwenye kioo cha mbele. Wawili wamebanana kando ya dereva, wanne wako nyuma. Gari linasimama, mlango unafunguliwa, na kabla ya kutazama ni nani anayeingia, wale wanne wanasogea. Ndivyo tulivyozoea. Mtoto wa Goma hujifunza kusogea kabla hajajifunza kuhesabu.

Sasa washushe abiria wote. Abaki dereva, Papa Janvier, na nyuma yake Charline na binti yake mdogo, Bénie. Bénie alikuwa ametoka tu hospitali kwa ugonjwa wa kifua. Mama yake alikodi gari zima mpaka Kiwanja, kwa bibi, ili njiani mtu yeyote asimbane mtoto.

"Leo muko sawa maharusi," Papa Janvier akatania. "Kiti yote ni yenu. Mulale, mukunje miguu, mufanye munavyotaka!"

Kibumba, kijiji cha mlimani, kuliwapokea kwa ukungu. Ulikuwa mchana, lakini wauza kabichi kando ya barabara walionekana kama vivuli, kisha hawakuonekana kabisa. Injini ikachemka. Papa Janvier akashuka na kidumu cha maji, akafungua boneti.

Charline alikuwa akisinzia. Akasikia mlango wa upande wa Bénie ukifunguka, na baridi ikaingia.

"Sogea kidogo, mama," akamwambia binti yake bila kufumbua macho, akamvuta kwake.

Mlango ukafungwa. Gari likainama upande ule, kama linavyoinama mtu mnene anapokaa.

Walipoondoka tena, Papa Janvier alitazama nyuma kwa kioo chake kidogo, akacheka. "Mama Bénie, mbona munabanana hivyo? Si gari ni yenu?"

Charline akafumbua macho. Kati ya Bénie na mlango palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hapakuwa na mtu. Lakini kiti kilikuwa kimebonyea, na palinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Bénie, rudi pale, ukae vizuri."

"Pana mutu, mama," mtoto akanong'ona. "Ananiegemea. Iko baridi."

Papa Janvier aliacha kucheka. Alikanyaga mafuta, lakini gari lilipanda kilima kwa kunguruma, zito kama limebeba magunia ya viazi. Bénie akakohoa. Na kutoka kwenye ile nafasi tupu, kikohozi kingine kikajibu, kizito, cha majimaji.

"Papa Janvier," Charline akasema kwa sauti ndogo, "simamisha."

"Hapa? Hapana, mama. Ukishuka katika ukungu hii, mutashuka wote watatu." Dereva akatazama tena kioo chake. "Niambie. Nani alimupa nafasi?"

"Mimi. Mlango ulifunguka, nikasogea."

"Basi mimi siwezi kumutoa. Nafasi iko yako. Uirudishe wewe mwenyewe."

Charline akamtazama binti yake, akaona midomo yake imeanza kuwa ya kijivu, na kichwa chake kimelala upande wa pili, si juu ya bega la mama, bali juu ya bega ambalo halikuonekana, na alipomvuta hakuja, kana kwamba mkono wa nguvu zaidi ulikuwa umemzunguka, na kikohozi kile sasa kilikuwa kikienda pamoja na pumzi za mtoto, pumzi kwa pumzi, kila moja ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Hapo akainuka, akampita mtoto, akafumba macho, akakaa pale palipobonyea, akaketi kwa uzito wake wote ndani ya baridi iliyompanda mgongoni hadi kwenye meno.

"Hapa pana mtu," akasema. "Nimekaa mimi. Sisogei."

Kitu kikamsukuma. Hakusogea. Kikamkoholea sikioni. Hakusogea. Mlango ukafunguka wenyewe gari likiwa mwendoni, ukajifunga kwa kishindo, na gari likainuka jepesi. Bénie akavuta pumzi ndefu, akalia kwa sauti. Papa Janvier naye alikuwa akilia, lakini hakupunguza mwendo mpaka Rutshuru.

Jioni, kwa bibi Eugénie huko Kiwanja, walikaa kwenye benchi wakila maharage. Rangi ya Bénie ilikuwa imerudi, hata alikuwa akimdai bibi nyongeza. Upepo ukasukuma mlango. Hakuingia mtu.

Bénie akautazama, akatabasamu, akachukua sahani yake. Akasogea kidogo.

Charline alikuwa tayari amekaa kwenye ile nafasi.

Tangu siku hiyo huketi upande wa mlango, kila mahali, hata kanisani. Nawe, mwanangu, nakuomba ukumbuke jambo hili moja: mlango ukifunguka, tazama kwanza. Kisha ndipo usogee.