Ubeti Ambao Haukusikika

Kila nikitoka shule hupitia kwenye chumba cha kazi cha shangazi kumsaidia kukunja nyaya. Shangazi yangu hupiga video za harusi, mahafali na matamasha. Siku ile sikukunja hata waya mmoja. Nilijitupa kitini, nikanuna.

"Umekula ndimu?" akaniuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Mwalimu wa muziki kanitoa! Tamasha la kufunga muhula, ubeti wangu ataimba Chiriku."

Chiriku ni jina tulilompa rafiki yangu, maana mdomo wake haupumziki. Tangu darasa la kwanza tulikuwa chanda na pete. Kwenye tamasha la kwaya yetu Jumamosi iliyopita tuliimba kwa kipaza sauti kimoja, yeye ubeti wa kwanza, mimi wa pili. Aliponikabidhi kipaza sauti niliimba kwa moyo wote, lakini spika zikawa kimya. Nikadhani mitambo imeharibika, nikaendelea, ngoma zikanimeza. Mwalimu alikuwa kwenye kinanda, ametupa mgongo. Hakusikia kitu, akaamini nimeganda kwa woga.

"Si ungemwambia uliimba?"

"Nilimwambia! Akamuuliza Chiriku, naye akasema hakuniona vizuri, labda nilisahau maneno. Lakini alinionea huruma, shangazi. Alinifuta machozi kwa leso yake."

"Hebu tuangalie," shangazi akasema, akaifungua video ya tamasha.

Jukwaa zima lilionekana, na sisi tumekuwa sisimizi. "Mbona hukutusogelea?" nikalalamika.

"Nina kamera moja na mikono miwili. Ningekufuata wewe, ningempoteza mpiga ngoma. Kwa hiyo napiga jukwaa lote kwa ubora wa juu kabisa, picha inakuwa na vidoti vya rangi vingi kuliko vinavyohitajika kwenye televisheni. Nikija hapa mezani nakata kipande ninachotaka, nakikuza, na sura haiingii ukungu. Ningepiga kwa ubora mdogo, nikikukuza ungekuwa uji."

Akachora mraba kunizunguka, akaukuza. Lo! Nikajaa kwenye kioo, midomo yangu ikitamka neno baada ya neno. Nikaruka kutoka kitini. "Umeona? Nilikuwa naimba!"

"Ngoja kwanza." Akarudisha nyuma kidogo, akausogeza mraba kwa Chiriku. Kipaza sauti kilikuwa na taa ndogo ya kijani. Kidole gumba cha Chiriku kikabonyeza kitufe, taa ikazimika. Kisha akanipa, huku akitabasamu.

"Kidole kimeteleza tu," nikasema haraka. Nilikuwa bado namtetea!

Shangazi akarudia taratibu. Chiriku alikitazama kitufe kwanza, ndipo akabonyeza.

Iliniuma, jamani. Kikulacho ki nguoni mwako, msemo huo nilikuwa nausikia tu watu wakiusema. Bora angenipiga kofi mbele ya watu wote.

Kesho yake shangazi alimwonyesha mwalimu. Mwalimu akavua miwani, akamwita Chiriku. Chiriku alipoiona picha, machozi yakamtoka.

"Kila mtu anasema yeye ananishinda," akasema. "Niliogopa utampa beti zote."

Mwalimu akanigeukia. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Ubeti ni wako." Kisha akamtaka Chiriku awaambie wanakwaya ukweli kwa mdomo wake mwenyewe. Aliwaambia siku hiyohiyo, ameinamisha kichwa.

Jioni shangazi alikuwa anaandaa video ya kuwapa wazazi. "Kidole kiache kionekane," nikamwambia. "Wazazi wote wamjue!"

"Kwaya imeshaambiwa. Hii ni video ya wimbo." Akaukata mraba karibu na uso wangu, kidole kikabaki nje. Kuamua kipi kionekane nako ni faida ya picha kubwa, akasema. Mimi nikasonya.

"Usinisonye mimi."

"Samahani, shangazi. Ila mbona bado naumia? Ubeti nimerudishiwa, na kosa lenyewe ni kubonyeza kitufe tu."

Shangazi akaacha kazi, akanivuta karibu.

"Kitufe si kitu, mwanangu. Hilo ni kosa la kufumba na kufumbua, mtu akishikwa na wivu anaweza kulifanya akajuta papo hapo. Lakini yeye alikufuta machozi huku akijua nani kakuliza. Kila asubuhi alipata nafasi ya kusema kweli, na kila asubuhi akaamua kunyamaza. Hapo ndipo panapouma. Wewe ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Kosa unaweza kusamehewa leo. Kuaminiwa tena, utasubiri sana."