Sindano Namba Kumi na Nane

Kila siku alipotoka shuleni, Chapuchapu alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akaingia chumba cha mbele. Chumba hicho ndicho kilichokuwa duka la mama yake. Majora ya vitambaa yaliegemea ukuta, zipu zilining'inia kwenye misumari, na nyuzi zilipangwa kwa rangi ndani ya makopo ya plastiki. Mama alipima na kukata. Chapuchapu alifunga vifurushi na kujibu ujumbe kwenye simu, kwa kuwa wateja wengi walinunua kupitia duka lao la mtandaoni.

Jina la Chapuchapu alipewa na mjomba wake, aliyepeleka vifurushi kwa baiskeli. "Huyu mtoto," alisema mjomba, "ukimtuma chumvi, anarudi kabla hujafunga mdomo. Tatizo ni kwamba anarudi na sukari."

Mwezi mmoja kabla, Chapuchapu alikuwa ametoa wazo. "Mama, maduka mengine ukichagua kitu, yanakuonyesha na vitu vinavyoendana nacho. Na sisi tuweke! Mtu akichukua kitambaa cha sketi, chini yake aone zipu na uzi wa rangi ileile."

Mama aliweka mkasi mezani. "Wazo zuri. Kazi hiyo nakukabidhi. Ukiifanya vizuri, shule zikifungwa ukurasa wote wa duka utakuwa wako kuuendesha."

Chapuchapu aliifanya kwa moyo wote. Aliyenunua kitambaa cha shati alionyeshwa vifungo. Aliyenunua cha pazia alionyeshwa pete za kutundikia. Wateja walifurahi, maana walipata vyote kwa safari moja, na mjomba alianza kulalamika kwa furaha kwamba baiskeli imekuwa lori.

Sasa, juu ya kabati kulikuwa na katoni ya sindano za cherehani namba kumi na nane. Ni sindano nene, za kushonea turubai na jinzi. Mama aliziagiza kwa makosa mwaka uliopita, na tangu hapo hakuna aliyeziulizia. Chapuchapu akaamua kumfurahisha. Bila kumwuliza mtu, aliweka picha ya sindano zile chini ya kila kitambaa, kizito kwa chepesi, akaandika: "Kila anayenunua kitambaa hiki huchukua na sindano hizi." Hayakuwa maneno ya kweli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amezichukua.

Baada ya wiki moja katoni ilibaki nusu. "Kumbe zinatoka!" Mama alishangaa. "Mwanangu, una nyota ya biashara." Chapuchapu alitabasamu mpaka masikio yakasogea.

Alhamisi alasiri ukaingia ujumbe kutoka kwa mwokaji mikate wa mtaa wa pili. Uliambatana na picha ya gauni dogo la shifoni ya njano, kitambaa chepesi kama ganda la kitunguu. Mishono yake yote ilikuwa na matundu. "Nimeshona kwa mara ya kwanza maishani," aliandika. "Nilitumia sindano mlizosema kila mtu huchukua. Magauni yote mawili yamekuwa chujio la chai. Mapacha wangu wanaimba mbele ya wazazi Jumamosi asubuhi. Nifanyeje?"

 Chapuchapu aligeuka kutazama jora la shifoni ya njano. Lilibaki boksi la kuviringishia tu, halina hata shubiri moja ya kitambaa. Mama alikuwa uani akianua nguo. Kidole cha Chapuchapu kilisimama juu ya alama ya kufuta. Ujumbe ukifutwa, nani angejua? Lakini mapacha wangevaa nini Jumamosi?

Akaichukua simu, akaenda nayo uani.

Mama alisoma ujumbe mara mbili. "Nani alikuambia kila mtu huchukua sindano hizi?"

"Hakuna, Mama. Niliandika tu. Nilitaka katoni iishe."

"Uliandika tu," Mama alirudia polepole. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma Chapuchapu zaidi. "Wangapi wamezinunua pamoja na vitambaa vyepesi?"

"Wanne, pamoja na yeye."

"Waandikie wale watatu sasa hivi wasizitumie, na uwaeleze sababu, usifiche kitu. Yale maneno yaondoe. Kisha vaa viatu, twende kwa mwokaji."

Wawili hawakuwa wameanza kushona. Wa tatu alijibu: "Asante kunishtua. Mguu ulikuwa tayari kwenye pedeli!"

Mwokaji walimkuta nyuma ya tanuri, cherehani ikiwa juu ya meza ya kukandia unga. Pacha mmoja alikuwa amejifunika gauni usoni. "Baba, nakuona kupitia begani!" alipiga kelele.

"Shikamoo, baba," alisema Chapuchapu. "Mimi ndiye niliyeandika maneno yale. Hayakuwa kweli. Sindano ni za turubai. Naomba unisamehe."

"Marahaba, mwanangu." Mwokaji alitazama viganja vyake vyeupe kwa unga. "Loo! Nami tangu jana nailaumu mikono hii. Nimemwambia mke wangu kwamba mikono ya mikate haiwezi shifoni."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Hakuwa amefikiria kwamba maneno yake yangeweza kumfanya mtu mzima ajidharau.

Mama aligeuza gauni ndani nje. "Mikono yako haina kosa, shemeji. Mishono imenyooka. Tundu la shifoni halizibiki, lakini linaweza kufunikwa."

"Kwa utepe!" Chapuchapu alidakia. "Ule mweupe wa satini, wa vidole viwili!"

"Haya, mbio. Lakini pima kwanza!"

Chapuchapu alipima kila mshono, akarudia kupima, akaandika, ndipo akakimbia. Alirudi na utepe, uzi mweupe na sindano namba tisa, nyembamba kama unywele. Mama hakukubali kulipwa. Mwokaji alishona mwenyewe, ulimi nje pembeni ya mdomo, na safari hii sindano ilipita bila kuacha alama.

Jumamosi mapacha waliimba. Wimbo waliusahau katikati, lakini tepe zao ziling'aa, na wazazi watatu walimwuliza mwokaji fundi wake ni nani. "Fundi?" alijibu akivimba kifua. "Mnaongea naye."

Alasiri hiyo Chapuchapu alimwambia Mama, "Najua ukurasa nimeukosa."

"Ungeukosa kama ungeufuta ule ujumbe. Utauendesha, ila kila unachopendekeza nitakisoma kwanza." Mama akamketisha karibu naye. "Sikiliza. Kumwonyesha mteja kitu cha pili si kosa. Mwenye kitambaa anahitaji sindano, na tukinyamaza tutamwacha ahangaike. Lakini kitu hicho kiifae kazi yake, si kabati letu. Mteja wa mtandaoni hawezi kutushika mkono wala kugusa bidhaa. Anachokishika ni maneno yetu tu. Yakiwa ya uongo, tumemwacha mikono mitupu hata kama kifurushi kimejaa."