Mstari wa Tatu

Haya yalimkuta rafiki yangu Rotaria, mchora ramani wa ofisi ya ardhi kule kisiwani Tarawa, na hadi leo kiti chake amekisukuma kikagusa ukuta.

Alikuwa akiunganisha faili mbili za kijiji kimoja cha kisiwa cha Abaiang. Wapima ardhi wawili waliufuata mpaka wa kijiji kwa miguu, mmoja kaskazini, mmoja kusini, kila mmoja na kifaa kinachoweka nukta kwa kila hatua. Ramani ikatoka na mistari mitatu. Wa tatu ulianzia baharini.

"Kaka Bwereti, mbona umeniletea njia ya majini?" akamuuliza mmoja wao.

"Mimi niliishia ufukweni. Mzee wa kijiji alitaka tufike hadi kwenye makaburi yao yaliyoliwa na maji. Nikamwambia, mzee wangu, mimi si samaki."

Rotaria akacheka, akaufuta mstari, akaunganisha upya. Ukarudi, safari hii umefika nchi kavu. Akaufuta tena. Ukarudi umevuka bahari, uko Tarawa.

Bwereti hakutania tena. Akachukua kofia, akaenda kutafuta boti ili akamwombe mzee radhi.

Wingu likatanda, umeme ukakatika, ofisi ikawa giza. Kompyuta ikabaki kwenye betri. Nje, changarawe zikalia hatua moja moja, bila haraka, kisha zikanyamaza.

Rotaria akaunganisha mara ya mwisho. Mstari ulikuwa umeingia mlangoni, ukapita kando ya meza ya Bwereti, ukaishia nyuma ya kiti cha Rotaria. Hapakuwa na mstari wa kutoka.