Vipele Chini ya Sare ya Nailoni

Jenereta ya mtaa ilizimika alfajiri, kama kawaida yake. Feni ikazunguka kivivu, kisha ikasimama. Nibras aliamka shingo ikiwa imelowa jasho. Basra mwezi wa Mei haingoji uamke ndipo ianze kukuchoma. Alioga maji ya tangi la juu ya paa, ambayo tayari yalikuwa ya moto, kisha akaketi mbele ya bibi yake.

"Geuka," alisema Bibi Fadhila, akichovya vidole kwenye bakuli la mafuta ya ufuta. Vipele vyekundu vilikuwa vimemjaa Nibras shingoni, mgongoni na kwapani.

"Bibi, haya mafuta yanazidi kuniwasha."

"Hebu tulia! Mafuta haya yalimlea mama yako."

Juu ya mafuta, Nibras akavaa sare: nailoni nzito ya buluu, kola imefungwa hadi kooni. Jumapili, siku ya kwanza ya juma la masomo, ulikuwa mtihani wa darasa la sita, ule unaoamua nani anaendelea na masomo. Hakutaka kukosa hata kipindi kimoja.

Darasani wasichana walibanana watatu watatu kwa dawati, madirisha yamefungwa kuzuia vumbi. Umeme hakuna. Umeme wa Basra ulikuwa umeahidiwa kabla Nibras hajazaliwa, na kila kiangazi wakubwa waliuahidi upya kwenye televisheni ambazo watu hawakuwa na umeme wa kuziwasha. Nibras alijikuna hadi kifungo cha kola kikakatika. Rafal, jirani yake wa dawati, akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Mwalimu! Nibras ana surua! Atatuambukiza sote!"

"Udaktari umeusomea wapi, we Rafal?" Nibras alimjibu.

"Usinisogelee!"

Mwalimu Mkuu, Bi Widad, alikuja, akachungulia shingo ya Nibras kwa mbali. "Nenda nyumbani. Chumba cha mtihani hutakiingia mpaka zahanati iseme huambukizi."

Nibras hakulia. Alirudi nyumbani, akamshika bibi yake mkono, wakaenda zahanati mchana uleule.

Muuguzi Ibtihal alimpapasa paji la uso, akamtazama macho na koo. "Una homa? Unakohoa?"

"Hapana."

"Basi hii si surua. Ni harara, na harara haiambukizi mtu. Jasho hutokea kwenye vitundu vya ngozi. Vikizibwa, linanasa humo ndani na vipele vinachomoza. Umejipaka nini?"

Nibras alimtazama bibi. Bibi akatazama dari.

"Ufuta," Bibi alikiri. "Lakini safi kabisa!"

"Sina ugomvi na usafi wake, mama. Ila umeziba vitundu, halafu nailoni ikafunika juu. Acheni mafuta. Aoge maji ya baridi, ajikaushe taratibu bila kusugua, avae pamba isiyombana, akae penye upepo. Na asijikune. Akipata homa, au vipele vikitunga usaha, mrudishe haraka."

Bibi alipofika nyumbani alitoa shuka lake la pamba la buluu, akalikata bila huruma, akamshonea Nibras sare nyingine.

Jumapili vipele vilikuwa vimenywea. Bi Widad alimsimamisha Nibras mlangoni mwa chumba cha mtihani.

"Zahanati imeniarifu. Unaweza kuingia. Lakini hiyo si sare."

"Rangi ni ileile, Mwalimu, ni shuka la pamba la bibi yangu. Nailoni ndiyo iliyonitia vipele, na sidhani niko peke yangu." Nibras aligeukia mstari wa wenzake. "Nani mwingine anawashwa? Semeni tu, haiambukizi."

Kisha mkono mmoja ukainuka. Ukafuata mwingine, na mwingine, hadi nusu ya mstari. Wa mwisho alikuwa Rafal, akitazama viatu vyake.

"Na wewe, daktari?" Nibras alimuuliza.

"Niliogopa wangeninyooshea mimi kidole," Rafal alinong'ona.

Bi Widad alifuta jasho lililokuwa likimtiririka chini ya kola yake mwenyewe. "Fungueni kola," alisema. "Na madirisha yote. Vumbi tutalifagia. Kuanzia leo, pamba inaruhusiwa."

Mtihani ulipokwisha, Bibi Fadhila alikuwa akingoja nje na chupa ya maji baridi.

"Umeandika?"

"Yote, Bibi. Na sikujikuna."

"Mimi nilikosea kwa mafuta yangu, na nimekubali. Sasa sikiliza. Umeme walituahidi mama yako akiwa darasa la sita. Sijasahau, nawe usisahau, tutaudai mpaka uje. Lakini ngozi haiwezi kukaa ikingoja ahadi zao. Ipe maji, ipe pamba, ipe upepo. Na kitu kikikuwasha, sema. Mkinyamaza, kila mmoja atajikuna peke yake akidhani aibu ni yake."

Rafal alikuwa amesimama nyuma yao, kola wazi.

"Bibi," aliuliza polepole, "lile shuka limebaki?"

"Limebaki," alisema Bibi. "Njoo nikupime."