"Ndiyo" ya Chiriku

Nikutegee, mjukuu wangu. Ninalo neno dogo, jepesi kama unyoya. Nikilisema nyumbani, linanitoa lawamani. Nikivuka nalo geti la shule, linanitia matatani. Ni neno gani? Usikurupuke. Tembea nalo, tutalikuta mbele ya safari.

Zamani hizo redio zilikuwa kubwa kama masanduku, na watu walizivalisha vitambaa vya kufuma utadhani mabibi harusi. Palikuwa na msichana wa kidato cha kwanza aliyeitwa Chiriku, na jina lilimkaa hasa. Alianza kuongea kabla hajafumbua macho, akanyamaza usingizi ulipomzidi nguvu. Alilelewa na bibi yake katika chumba chenye dirisha lililotazama uani, na kila asubuhi mazungumzo yao yalikuwa yaleyale.

"Hujavaa viatu bado?" bibi aliuliza, akipuliza jiko la mkaa.

"Ndiyo bibi, bado."

"Wala nywele hujachana?"

"Ndiyo, sijachana. Kitana umekikalia wewe."

Bibi akainuka, kitana kikaanguka chini, wakacheka mpaka chai ikafurika.

Lakini Chiriku huyohuyo akifika getini, sauti yake ilibaki nje kama mbwa aliyekatazwa kuingia. Mkuu wa shule alikuwa amepiga marufuku Kiswahili. Juu ya mlango wa kila darasa alitundika kibao: Hapa ni Kiingereza tu. Hakuwa mtu mbaya. Alijifunza lugha ile kwa taabu, akadhani njia fupi ya kuwafundisha wengine ni kuwafungia ile waliyokuja nayo.

Mwalimu wao wa Kiingereza, mama mrefu ambaye viwiko vyake vilikuwa na vumbi la chaki siku zote, walimwita Madamu. Yeye alikuwa na mbinu yake. Siku ya kipindi cha redio aliiweka redio ya shule juu ya meza, akawaacha wasikilize, kisha akapunguza sauti na kuwainamia. "Mmemsikia huyu bwana?" alinong'ona kwa Kiswahili. "Anasema treni imemwacha. Si kwamba imemsahau, amechelewa yeye!" Watoto wakacheka, na maana ikaingia. Lakini viatu vya mkuu vilikuwa na mlio. Vikisikika barazani, Madamu alirudi kwenye Kiingereza katikati ya sentensi, kama mtu anayerudi chini ya mwavuli mvua inapoanza. Chiriku alikipenda kipindi kile kuliko vyote. Hata leo akisikia redio ikikoroma kabla ya kushika mawimbi, harufu ya chaki inamjia puani.

Darasani mwao kulikuwa pia na kijana waliyemwita Kamusi. Baba yake alikuwa karani, nyumbani kwao vitabu vilijaa hadi chini ya kitanda, na Kiingereza alikinywa kama maji.

Siku moja, wakati wa mapumziko, zamu ya kufagia ilikuwa ya Chiriku. Aliingia darasani na fagio lake, akaikuta redio sakafuni. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimepasuka na kitufe cha sauti kimeng'oka. Akapiga magoti kuokota vipande. Viatu vikalia barazani, mkuu wa shule huyo mlangoni. Wanafunzi wakajazana nyuma yake, Kamusi akiwa wa mbele.

Mkuu aliuliza kwa Kiingereza, polepole, ili mtoto aelewe: "Hukuiangusha redio hii?"

Ajabu ni kwamba Chiriku alielewa kila neno. Moyo ukamruka kwa furaha. Akasimama wima, akajibu kwa sauti ambayo shule ile haikuwahi kuisikia: "Yes, sir!"

Mkuu akatikisa kichwa. "Angalau umesema kweli," akasema kwa Kiingereza kilekile. Chiriku alilishika neno "kweli", akatabasamu. Mkuu alipoona tabasamu, uso wake ukakunjamana. Akasema maneno mengi ya haraka, akaondoka.

"Unacheka nini?" mwenzake wa dawati alimvuta sketi. "Hutaingia tena kipindi cha redio mpaka muhula uishe. Na kesho uje na mzazi!"

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Si umekubali kwamba umeiangusha?"

"Nimekataa! Ameniuliza kama sikuiangusha, nami nikasema yes, sikuiangusha."

Mwenzake akajikuna kichwa. "Hapo hata mimi sielewi, shoga yangu."

Kamusi alikuwa karibu, akisikia yote. Alitazama viatu vyake kana kwamba ameviona leo.

Jioni Chiriku alirudi nyumbani kimya, na kimya chake kilimtisha bibi kuliko kelele zake zote. Alimwaga mambo huku akilia. Hakuogopa kukaa nje ya darasa tu. Bibi alikuwa amewatangazia majirani wote pale bombani kwamba mjukuu wake anasoma Kiingereza. Sasa wangesema anasoma uharibifu.

"Futa machozi," bibi alisema. "Mimi Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Lakini wewe nakujua. Kesho tunakwenda wote."

Asubuhi bibi alivaa viatu vyake vya kutokea, vile vilivyombana, wakaingia ofisini. Mkuu wa shule alisimama kwa heshima. "Shikamoo, mama," alisema, na Kiswahili kikamtoka bila kuomba ruhusa ya kibao chochote.

"Marahaba, mwanangu." Bibi hakukaa. Alimgeukia mjukuu wake mbele ya mkuu na Madamu. "Niambie hapa hapa, walimu wako wakisikia. Wewe hukuiangusha redio?"

"Ndiyo, bibi. Sikuiangusha."

Madamu aliyekuwa akipanga vitabu akasita, kitabu mkononi. "Mkuu, samahani. Jana ulimuuliza vipi?"

"Nilimuuliza kama hakuiangusha. Akajibu 'yes'. Tena akatabasamu!"

Madamu akajipiga paji la uso, akaacha alama ya chaki. "Hakukiri, mkuu. Alijibu kwa Kiingereza swali alilolielewa kwa Kiswahili. Sisi 'ndiyo' yetu humjibu anayeuliza: maneno yako ni sawa, sikuiangusha. 'Yes' ya wenzetu hulijibu jambo lenyewe: naam, niliiangusha. Kwa lugha yao, ili ajitetee, angesema 'no'."

Mkuu alikaa polepole. Alitazama dirishani, mabega yakaanza kutikisika. Kumbe anacheka.

"Nilipokuwa bwenini, mpishi mmoja wa kigeni aliniuliza kwa Kiingereza kama sitaki chakula zaidi. Nikapiga kelele 'no!', yaani hapana, si kweli, nataka! Akaondoa sahani. Nililala na njaa, na sikujua kosa langu hadi nilipokuwa mtu mzima."

"Maskini weee!" bibi akasema. "Na njaa hiyo ukaona uwarithishe watoto?"

Mkuu akacheka tena, safari hii kwa aibu. Akamgeukia Chiriku, akamuuliza kwa Kiingereza swali lilelile la jana. Chiriku akafungua kinywa. Akakifunga. Safari hii aliogopa majibu yote mawili.

"Mwache kwanza," Madamu alisema. "Swali lako lisubiri. Nipe ruhusa nifundishe jambo hili kwa lugha zote mbili, bila kunong'ona."

Mkuu akakubali.

Asubuhi ile Madamu hakufunga mlango. Alichora ubaoni mtoto na redio iliyoanguka, redio yenyewe ikafanana na kabati. Akawauliza watoto kwa Kiswahili, wakajibu. Akauliza kwa Kiingereza, wakagongana, huyu "yes", yule "no", mpaka darasa zima likaangua kicheko. Akawafafanulia kama alivyofafanua ofisini. "Basi mwenzenu hapa," alimalizia, "alisema kweli, na kweli yake ikamponza, kwa sababu hakuna aliyemruhusu aiseme mara ya pili kwa lugha yake."

Kiti kikakwaruza sakafu. Kamusi alikuwa amesimama. Alianza kwa Kiingereza, akakwama. Kiingereza chote kilikuwa kimemkimbia.

"Madamu, ni mimi," alisema kwa Kiswahili. "Nilikuwa naigiza mtangazaji. Nikarusha mkono, redio ikaanguka. Na jana nilijua 'yes' yake haina maana ile. Nilijua peke yangu, nikanyamaza. Chiriku, nisamehe."

"We Kamusi!" mtu alinguruma nyuma. "Neno 'samahani' liko ukurasa gani?" Wakacheka, hata Chiriku, na Kamusi akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Madamu hakucheka. "Utamsaidia fundi kuiunga redio hiyo mpaka iongee, na wewe ndiye utakayekaa barazani wakati wa kipindi cha redio muhula huu. Nanyi nyote nisikilizeni. Kujua lugha ni jambo zuri, lakini ukiijua kisha ukaitumia kuficha kweli, heri asiyeijua. Na lugha ya nyumbani msiione haya. Jengeni Kiingereza juu yake, kama ghorofa juu ya nyumba. Anayebomoa chini ili ajenge juu, atalala wapi?"

Viatu vikalia barazani. Kwa mara ya kwanza Madamu hakubadili lugha. Mkuu aliingia, kibao cha mlangoni kikiwa kwapani, bibi nyuma yake akichechemea kwa viatu vya kubana.

"Nina swali langu liko njiani tangu jana," mkuu alisema. Kisha akauliza kwa Kiingereza, polepole kama jana: "Chiriku, hukuiangusha redio?"

Chiriku alimtazama bibi yake, ambaye hakuelewa neno hata moja lakini alimwashiria kwa kichwa kumtia moyo. Akasimama wima, akavuta pumzi.

"No, sir," alisema Chiriku. "I did not."