Ukurasa Usio na Neno

Kila saa ya mapumziko, kabla wacheza mpira hawajagawana timu, mashabiki wa Mwanaradi walikuwa wameshakusanyika nyuma ya maktaba. Mwanaradi alikuwa shujaa wa kitabu cha katuni kilichotoka kila mwezi, msichana anayebeba radi viganjani, na darasa lao lilimjua kuliko lilivyojua hesabu za kuzidisha. Ubishi wao ulikuwa mmoja na haukuwachosha: nani mkali zaidi, anayemchora au anayemwandika?

Upande wa mchoraji uliongozwa na mvulana aliyeitwa Penseli, kwa sababu hakuwa na daftari lisilo na picha. Upande wa mwandishi uliongozwa na Redio, msichana ambaye hakuwa na kitufe cha kuzima.

"Toa picha, kinabaki nini?" Penseli aliuliza. "Insha!"

"Toa maneno, kinabaki nini?" Redio akajibu. "Watu walioachama kama samaki!"

Wawili hawa walikuwa chanda na pete. Tena walikuwa wakitengeneza katuni yao wenyewe kwa ajili ya maonyesho ya shule, Redio akiandika, Penseli akichora. Lakini ubishi uliingia mpaka ndani ya kazi, na kila mwamba ngozi huvutia kwake. Penseli alichora mto ukajaa ukurasa mzima, asiache hata pa kuweka nukta. Redio naye akabandika vikaratasi vya maneno juu ya mawimbi. Penseli alipoona mto wake umezikwa, alivibandua kwa hasira, na ukurasa ukachanika katikati.

"Basi fanya peke yako," Redio alisema. Tangu siku hiyo wakanuniana, na maonyesho yalikuwa yanakaribia.

Shangazi yake Penseli alifanya kazi katika ofisi iliyotengeneza kitabu cha Mwanaradi. Ndiye aliyeandika kwa mkono maneno yanayosemwa ndani ya picha. Alikuwa ameshawaahidi wote wawili kuwapeleka huko, wala hakuwa mtu wa kuvunja ahadi kwa sababu ya midomo iliyovimba. Jumamosi akawachukua, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Chumba kilinukia wino. Kurasa zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kubwa kuliko zinavyoonekana kitabuni, na Mwanaradi aliwatazama kutoka kila upande. Watoto walisahau hata kusalimu, mpaka shangazi alipowafinya. Mezani waliketi mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye ndiye mwandishi, na mwanamume mwenye vidole vyeusi, ambaye ndiye mchoraji. Redio alijibanza nyuma ya shangazi.

"Mmekuja wakati mzuri," mchoraji alisema. "Tunamalizia ukurasa wa mwisho."

Katika picha, Mwanaradi amerudi nyumbani baada ya kuuokoa mji. Mama yake amesinzia mezani akimsubiri, mkono wake bado uko juu ya sahani iliyofunikwa. Mwandishi alisoma maneno aliyotaka Mwanaradi ayaseme, maneno ya binti anayemwomba mama yake radhi. Yalikuwa matamu mno, na Redio alihisi machozi yakimlengalenga.

Mwandishi akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akayapiga mstari yote.

"Mama, mbona unafuta?" Redio alipayuka. "Hayo ndiyo mazuri kuliko yote!"

"Ni mazuri, mwanangu. Nimeyahangaikia wiki nzima. Lakini hebu utazame mkono huo. Umeshasema. Nikiongeza langu, nitakuwa namkatiza mama wa watu."

Penseli alianza kutabasamu kwa ushindi. Tabasamu halikufika mbali, kwa maana mchoraji naye alikuwa ameshika kifutio. Joho la Mwanaradi lilikuwa linameta radi tupu, kila mkunjo umetiwa kivuli, kazi ya moto wa kuotea mbali. Akaanza kulifuta.

"Mjomba, hapana!" Penseli alishika kichwa.

"Jicho linalikimbilia," mchoraji alisema bila kuinua uso. "Mwenzangu ametoa maneno yake ili mama aonekane. Mimi nimwekee pazia?"

Alibakisha kivuli cha msichana mlangoni, basi. Watoto waliinamia ukurasa ule. Ulikuwa umetulia, na ulikuwa mzuri kupita kurasa zote zilizoanikwa chumbani. Hakuna aliyethubutu kuuliza ni kazi ya nani, mwandishi au mchoraji.

"Basi mimi leo nimepewa likizo," shangazi alinong'ona, na wote wakacheka.

Walipokuwa wakishuka ngazi, Penseli alisema polepole, "Mawimbi mengine niliyaweka makusudi, ili usipate nafasi."

"Najua," Redio alijibu. "Na mimi niliandika mengi ili nikukomoe."

Shangazi akasimama. "Wanangu, mnashindana nani mkali kuliko mwenzake. Wale wawili huuliza kazi inataka nini, kisha kila mmoja hutoa, hata kama anachotoa ndicho anachokipenda kuliko vyote. Jifunzeni hilo mapema. Ujuzi usiojua kumpisha mwenzio ni majivuno tu."

Jumatatu, nyuma ya maktaba, karatasi mpya ilikuwa chini na ubishi ulikuwa mkali kama kawaida.

"Sentensi hii usiitoe!" Penseli alisema. "Nitapunguza mto."

"Thubutu kuligusa wimbi hilo!" Redio akamjibu, na akafunika picha kwa viganja vyake viwili.